Ukuta wa Nyuma wa Mama Mwalimu

Pasikali Niyubahwe, fundi mwashi wa Kumsenga, ana shavu moja lililochakaa kuliko jingine. Ni la kulia, na ndilo analopimia kuta. Akiitwa kwenye nyumba inayopandisha maji hagongi ukuta, haulizi maswali. Anapiga magoti, anaegemeza shavu ukutani, anafumba macho, na anakaa hivyo mpaka wenye nyumba waanze kutazamana. Kiganja cha fundi, husema, kimeota sugu na hakijui tena baridi wala joto, lakini shavu halijawahi kushika mwiko.

Akinyanyuka hasemi mengi. "Yamefika kiunoni." Au, "Haya ni ya paa, mwiteni mtu wa mabati." Kisha anasubiri chai.

Kibondo na Kasulu zina nyumba nyingi za zamani za matofali ya kuchoma, zilizojengwa kwa udongo katikati na saruji usoni, na chini yake hakuna kitu cha kuyazuia maji. Mvua ikikaa ardhi inakunywa, tofali nalo linakunywa kutoka ardhini, na maji yanapanda ukutani kama mafuta ya taa kwenye utambi. Rangi inavimba, plasta inabanduka, chumvi nyeupe inatoka, na mgeni aliyeegemea ukuta anaaga akiwa na unga mgongoni. Mwenye nyumba huita fundi. Fundi hupiga plasta nzito ya saruji, juu yake rangi ya mafuta, na wote wawili wanafurahi mpaka mwezi wa kumi. Maji yaliyozibiwa njia ya kutokea chini yanatafuta ya juu. Mwaka unaofuata yanatokea juu ya rangi, yakiwa na hasira.

Pasikali hafanyi hivyo. Yeye huukata ukuta miguuni. Anatoa matofali ya chini kabisa, hatua moja anakata na hatua moja anaruka, ili nyumba isimkalie kichwani. Anatandika nailoni nyeusi ngumu, anarudisha matofali kwa saruji, anasubiri yashike, ndipo anarudia zile hatua alizoruka. Kisha anabandua plasta yote ya zamani, anauacha ukuta ukauke kwa muda unaoutaka wenyewe, na mwisho anapiga chokaa na mchanga ili upate kupumua. Tamimu, mwenye duka la nafaka Kasulu, ambaye magunia yake ya unga yalikuwa yakiota ukungu upande mmoja, alimwita mwaka juzi kwa mashaka makubwa. Siku hizi anamsifia Pasikali kwa kila mteja, hata aliyekuja kununua kiberiti.

Nyumba moja tu Pasikali hakuwahi kuiponya, nayo ni ile aliyoijenga mwenyewe.

Iko Kibondo mjini, nyuma ya soko, na ni ya Theodosia, mjane wa Mwalimu Niyonzima. Watu wote humwita Mama Mwalimu. Mumewe alikuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1997, alipotaka kujenga, alisoma kwenye kitabu chake cha ujenzi kwamba kati ya msingi na ukuta lazima pawe na nailoni ya kuzuia unyevu. Wakati huo hakuna aliyefanya hivyo Kibondo nzima. Mwalimu alisafiri mpaka Manyovu mpakani, akarudi na rola ya nailoni juu ya lori la maharage, na majirani wakaja kuangalia. Walisema Mwalimu anaivalisha nyumba koti la mvua miguuni. Mwalimu aliwajibu kwamba kitabu kimesema, na kwake mjadala ulikuwa umefungwa.

Fundi wake alikuwa Pasikali, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mke mmoja, mwiko mmoja, na kibanda cha nyasi kule Kumsenga. Msingi ulipokamilika alitandika nailoni kuta tatu. Ukuta wa nne, ule wa nyuma wa chumba cha kulala, aliuacha uwe wa kesho yake kwa sababu giza lilikuwa linaingia na mvua inakuja.

Ilikuwa mwaka wa El Nino, na waliokuwepo wanajua mvua hiyo ilikuja vipi. Usiku huo mke wa Pasikali alijifungua mtoto wa kike, kabla ya siku zake, chini ya paa lililokuwa linavuja sehemu nyingi kuliko zisizovuja. Asubuhi Pasikali alikuja kazini kabla ya Mwalimu kuamka. Alichukua kisu, akakata nailoni iliyobaki pale kwenye kona, akaikunja, akaondoka nayo. Aliitandaza juu ya kibanda chake, akaikandamiza kwa mawe. Mtoto akaitwa Ange.

Alinuia kununua nyingine. Tuseme ukweli, alinuia sana. Lakini barabara zilikatika wiki nane, Manyovu ikawa mbali kama Ulaya, na likizo ya Mwalimu ilikuwa inakwisha. Mwalimu alitaka kuona kuta zimesimama. Pasikali akazisimamisha, zote nne.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Pasikali ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba.

Ukuta wa nyuma ulianza kunywa maji mwaka wa pili. Ukafika gotini. Mwalimu alifungua kitabu, akasoma tena ukurasa ule ule, akatoka nje kuutazama ukuta, akarudi kusoma. Wazee wa kanisa waliombea chumba. Jirani mmoja alisema chini pana kaburi. Pasikali aliitwa, akaja mbio, akapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, na akakataa malipo. Mwaka uliofuata maji yakafika kiunoni. Pasikali akaja tena, akapiga tena, akakataa tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pasikali alikuwa ameziba kila ufa wa ukuta ule, na maji yalimshukuru kwa kupanda mpaka kifuani.

Mwalimu alifariki mwaka 2011, akiwa na kinyongo na kitabu. Alikiweka chini ya kitanda na hakukitaja tena.

Mambo mengine yanachekesha ukiwa mbali nayo. Utaalamu wote wa Pasikali ulitokana na ukuta ule mmoja. Kila nyumba aliyoiponya, alikuwa anajaribu dawa ambayo asingethubutu kuipeleka kwa Mama Mwalimu, maana dawa ya kweli ilitaka afungue chini, na chini ndiko alikoficha ubaya wake. Basi aliwatibu watu wa Kasulu na kuwaponya, kisha akarudi Kibondo kumpaka Mama Mwalimu rangi. Mama Mwalimu alikuwa na kikohozi kilichoanza na mvua na kuisha na mvua. Mjini walisema fundi anamtaka mjane, kwa nini basi hadai hata senti? Mke wa Pasikali alisikia, akacheka mpaka akakaa chini. Alijua. Nailoni ile aliiona ilipofika, na hakuuliza ilikotoka, kwa sababu mtoto alikuwa mkavu.

Halafu, mwaka huu mwezi wa tano, Ange akaja nyumbani na habari.

Ange ni fundi cherehani pale sokoni Kibondo, na ana pumu tangu kuzaliwa. Habari zenyewe zilikuwa kwamba amepata mchumba, kijana mstaarabu, bwana mifugo, anaitwa Mpawenimana.

"Wa nani?" Pasikali aliuliza.

"Wa Mama Mwalimu, baba. Nyuma ya soko. Si unapajua?"

Pasikali alisema anapajua.

"Mama yake ni mtu mwema sana," Ange aliendelea. "Amesema chumba chake kikubwa cha nyuma atatuachia sisi. Yeye atahamia cha mbele, kidogo. Tatizo ni ukuta tu, lakini kasema utakuja kuupaka."

Pasikali hakumaliza ugali wake. Alitoka akakaa nje, na alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo juu ya ukuta wowote. Mtoto mwenye pumu, kitanda kimesukumwa ukutani, mvua za mwezi wa kumi. Rangi ya mafuta isingetosha safari hii. Kufungua, angeaibika mbele ya wakwe kabla hata ng'ombe hawajazungumzwa. Kutofungua, angemlaza mwanawe kwenye maji aliyoyaleta mwenyewe. Aliwaza usiku mzima, na kulipokucha akaenda kununua nailoni.

Alimwomba Mama Mwalimu aende Kasulu kwa dada yake wiki mbili, apishe vumbi.

"Oya, siendi," alisema Mama Mwalimu. "Vumbi nimelizoea. Nitakaa nione."

Akaleta kigoda, akakiweka mlangoni mwa chumba, akakaa. Ni mama wa miaka sitini na tano, mwembamba, aliyeishi na mwalimu muda mrefu mpaka naye akaanza kuwatazama watu kana kwamba anasubiri jibu. Pasikali alikuwa anajaribu kumwita bamwana, kama wazazi wa pande mbili wanavyoitana hapa kwetu watoto wao wakishachumbiana. Mama Mwalimu alimwita Fundi tu, akisema mambo hayo mpaka mahari itolewe.

Pasikali alianzia kwenye kona, kwa sababu ukuta huanziwa kwenye kona. Alitoa tofali la kwanza, la pili, la tatu. Chini ya ukuta wa pembeni ikaonekana nailoni ya Mwalimu, nyeusi, nzima, kama ilivyotoka Manyovu. Ikafika kwenye kona, ikaishia pale. Ukingo wake ulikuwa umenyooka.

Mama Mwalimu aliinama kutoka kwenye kigoda. "Hapa imekatwa."

Pasikali alikuwa na jibu la panya. Alikuwa amelitunza miaka mingi, akilifanyia mazoezi njiani.

"Si panya," alisema, ingawa hakuna aliyemtaja panya.

Kisha akasema yote, akiwa bado amepiga magoti, akiliambia lile tundu. Mvua, kibanda, mtoto wa kabla ya siku, kisu, barabara zilizokatika. Alipomaliza hakugeuka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani kuingia kwenye tundu la tofali na kujizibia kwa ndani.

Nje, mtu alikuwa anatangaza dawa ya kunguni kwa kipaza sauti.

"Mwalimu alikufa akikilaumu kitabu," alisema hatimaye.

"Ego, ndivyo, Mama Mwalimu."

"Na dawa hii ya kukata, umeijua lini?"

Pasikali alifikiria kudanganya, akaona amechoka. "Mwaka wa kumi na tatu sasa."

"Miaka kumi na mitatu unaponya watu mpaka Kasulu. Mimi nakohoa hapa, unaniletea rangi." Hakupandisha sauti. "Nimelala mimi, dawa haikupatikana. Leo analala mwanao, imepatikana."

Hakuna tofali lililowahi kumwangukia Pasikali likamuumiza kama maneno yale.

"Fanya kazi, Fundi," alisema Mama Mwalimu, akachukua kigoda chake, akatoka.

Alifanya kazi siku kumi na mbili. Hatua alikata, hatua aliruka. Alifukua udongo uliokuwa umepanda nje ya ukuta, akachimba mfereji wa kupeleka maji barabarani, akabandua saruji na rangi zake zote, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka na rangi yake. Kulikuwa na ya maziwa, ya kijani, ya samawati, na ya kahawia ya mwaka aliofariki Mwalimu. Siku zote hizo chai haikuja. Siku ya mwisho alikusanya vyombo, akaaga mlangoni. Mama Mwalimu aliitikia kutoka ndani kwamba amesikia.

Pasikali alirudi Kumsenga, akamwambia mkewe kwamba harusi haipo.

Lakini ujumbe wa kuvunja haukuja. Ulikuja wa tarehe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa wageni wangefika kuzungumza mahari.

Walifika saba, wakaketi kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa. Msemaji wao alikuwa mzee Nduwayezu, kaka wa marehemu Mwalimu, na nyuma yake, mahali ambapo mama wa bwana harusi hukaa na kunyamaza, alikaa Mama Mwalimu na kunyamaza. Msemaji wa upande wa bibi harusi alikuwa Bazilio, kaka mkubwa wa Pasikali, anayeaminiwa kwa kazi hiyo vijiji vitatu. Mila ya huku ni kwamba msemaji wa binti hatamki idadi ya ng'ombe kwanza. Anaanza na taabu za kumlea. Taabu zikiwa nyingi, ng'ombe nao wanakuwa wengi, na Bazilio kwa taabu hana mpinzani. Alishawahi kumfanya binti wa mwenye duka aonekane amekulia pangoni.

"Mtoto huyu," Bazilio alianza, akiwa amesimama, mkono kifuani, "alizaliwa mwaka wa El Nino. Katika kibanda! Nyasi zimeoza! Mvua inapita juu, inapita pembeni..."

Pasikali aliona anakoelekea. Alimvuta koti. Bazilio akauondoa mkono wa Pasikali, akapandisha sauti.

"Mdogo wangu hapa hakuwa na kitu! Mtoto mchanga, wa kabla ya siku, akanyeshewa! Akanyeshewa usiku kucha, akanyeshewa wiki nane! Hiyo pumu mnayoisikia imetoka wapi? Ni mvua hiyo! Sasa niambieni, bakwe zetu, mtoto aliyenyeshewa namna hiyo, akapona, akasoma, akajua cherehani..."

"Hakunyeshewa," sauti ilisema kutoka nyuma.

Bazilio akakatika. Mzee Nduwayezu aligeuka kumtazama shemeji yake kwa mshangao, kwa sababu mama wa bwana harusi kusema kwenye mahari ni jambo ambalo halijawahi kuonekana Kumsenga. Mama Mwalimu alikuwa amesimama.

"Hakunyeshewa," alirudia. "Alifunikwa kwa nailoni ya ukuta wangu. Muulizeni baba yake."

Watu wote wakamgeukia Pasikali. Walikuwa ndugu zake, majirani zake, mchungaji wake, na watu watano ambao kuta zao alizitibu. Ange alikuwa ndani nyuma ya pazia, na pazia halikutikisika. Pasikali alisimama.

"Ni kweli," alisema. "Niliiba kwa Mwalimu. Nikaweka juu ya kibanda. Mtoto hakupata hata tone." Akamgeukia Bazilio. "Kaka, achana na mvua."

Kuku wa jirani walisikika wakitafuta chakula. Bazilio, ambaye taabu yake kubwa kuliko zote ilikuwa imepotea mbele ya macho yake, alikaa polepole.

"Mwalimu aliinunua nailoni ile ili mtu wa nyumbani kwake alale pakavu," alisema Mama Mwalimu. "Miaka yote nilidhani hakuna aliyelala pakavu. Kumbe yupo mmoja." Akalitazama pazia. "Basi huyo ni wa nyumbani kwake. Ng'ombe tutawatoa kama mila inavyotaka, hatuombi kupunguziwa hata ndama. Ila msituambie tulimwacha anyeshewe."

Akakaa, akaweka mikono mapajani, na akanyamaza kama inavyotakiwa. Nyuma ya pazia mtu alikuwa analia, na hakuwa Ange peke yake. Mke wa Pasikali naye alikuwa huko.

Harusi ilifungwa wiki ya pili ya mwezi wa kumi, siku tatu kabla ya mvua. Pasikali alingoja mvua inyeshe wiki tatu nzima, ndipo akaja Kibondo kuupima ukuta. Ange alimpokea mlangoni, akamwingiza chumba cha mbele, kile kidogo. Kitanda cha maharusi kilikuwa humo, na cherehani, na nguo zao zimetundikwa.

"Mbona mko huku?" aliuliza.

"Mama amekataa kuhama," Ange alisema. "Kasema chumba kile ni chake, na amekingoja miaka ishirini na saba."

Pasikali alipita mpaka chumba cha nyuma. Mama Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, na kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani kabisa. Hakuwa anakohoa. Juu ya kitanda palikuwa na rafu mpya, na kwenye rafu kitabu kimoja tu, cha zamani, jalada limejaa madoa ya ukungu uliokauka, kimeegemezwa kwenye chokaa nyeupe.

Pasikali alipiga magoti, akaegemeza shavu. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye ukuta wowote wa Kasulu, na aliponyanyuka shavu lilikuwa limelowa, lakini maji hayo hayakutoka ukutani.

"Inatosha sasa," alisema Mama Mwalimu. "Inuka unywe chai, bamwana. Inapoa."